Kuchagua Bomba la Kupulizia na Dawa ya Wadudu Isiyodhuru Wanyama wa Nyumbani

Mvua za masika zinapopungua, ukoka wa uani huwa umerefuka, na wenye nyumba wengi huanza kuona kupe kwa mbwa, viroboto kwenye mazulia na mbu karibu na madumu ya maji. Wengi wao huelekea kwanza duka la pembejeo kununua bomba, kisha humwomba muuzaji dawa yoyote iliyo kali. Katika somo hili tunapendekeza mpangilio ulio kinyume na huo: mdudu atambuliwe kwanza, kisha wazingatiwe wanyama waliopo nyumbani, halafu dawa, na bomba liwe la mwisho. Anayefuata mpangilio huu mara nyingi hutumia fedha kidogo zaidi, na hupunguza sana hatari ya kumpoteza paka au kumdhuru mtoto achezaye uani.

1. Kumtambua mdudu

Kila mdudu ana mahali pake pa kuzaliana, na dawa isiyofika mahali hapo ni hasara.

Kupe wa kahawia wa mbwa, aliye wa kawaida katika nyumba za mijini, hakai katikati ya ukoka. Akishiba damu huanguka na kujificha katika nyufa za kuta, chini ya banda la mbwa na kwenye kingo zenye kivuli. Jike hutaga maelfu ya mayai katika maficho hayo. Kwa hiyo kupulizia uwanja mzima huku nyufa zikiachwa hakumalizi tatizo. Kupe huyu pia hueneza magonjwa ya damu yanayoweza kumuua mbwa, na ndiyo sababu hapaswi kupuuzwa.

Viroboto wazima wanaoonekana mwilini mwa mnyama ni sehemu ndogo tu ya viroboto wote waliomo ndani ya nyumba. Waliobaki ni mayai, mabuu na mabuu bwete yaliyomo katika matandiko, mazulia na vumbi la sakafuni. Bwete limefunikwa na kifuko ambacho dawa nyingi haziwezi kukipenya. Kwa sababu hiyo, viroboto huonekana tena wiki chache baada ya kupulizia, na mnunuzi hudhani ameuziwa dawa bandia. Kufua matandiko ya mnyama kwa maji ya moto kila wiki na kufagia sakafu hadi kwenye pembe ni nusu ya kazi.

Mbu hazaliwi kwenye nyasi bali kwenye maji yaliyotuama. Katika joto la pwani, yai huweza kuwa mbu kamili kwa muda wa wiki moja hadi mbili. Kwa hiyo, kumwaga maji ya matairi, vifuu, visahani vya maua na makopo mara moja kila wiki huvunja mzunguko huo kabla haujakamilika. Wakazi wa Dar es Salaam waliopitia milipuko ya homa ya dengue ya mwaka 2014 na 2019 wanajua umuhimu wa hatua hiyo. Pale ambapo maji hayawezi kumwagwa, zipo dawa za kibayolojia za kuua viluwiluwi vya mbu, zikiwamo zinazotengenezwa Kibaha, mkoani Pwani. Bakteria waliomo humdhuru kiluwiluwi anayewameza, na zikitumiwa kama lebo inavyoelekeza hazimdhuru mbwa, paka wala kuku.

2. Kuwazingatia wanyama waliopo

Maneno "salama kwa wanyama" hayana maana mpaka iulizwe: salama kwa mnyama yupi, kwa kiasi gani, na baada ya muda gani? Dawa inayomfaa mbwa yaweza kumuua paka.

Mfano ulio muhimu kuliko yote ni permethrini. Kemikali hii imo katika dawa nyingi za kupe na viroboto zinazouzwa kwa ajili ya mbwa, na mbwa huivumilia ikitumiwa kwa kipimo sahihi. Ini la paka halina uwezo wa kutosha wa kuivunja. Matone machache ya dawa kali ya mbwa yakipakwa mgongoni mwa paka huweza kumletea mitetemeko, degedege na kifo. Hata paka anayelala pamoja na mbwa aliyepakwa dawa muda mfupi uliopita, au anayemlamba, yumo hatarini. Kwa jumla, majina ya kemikali za jamii hii huandikwa kwenye lebo yakiishia kwa herufi "thrin". Mwenye paka akiziona herufi hizo, asinunue dawa hiyo kabla ya kupata ushauri wa daktari wa mifugo.

Wanyama wengine pia wana udhaifu wao. Sungura hudhurika kwa fipronili, ambayo hutumika kwa mbwa na paka. Samaki wa bwawani hufa kwa kiasi kidogo sana cha dawa za jamii ya permethrini. Nyuki hufa wakipuliziwa wanapotembelea maua. Kuku hudonoa wadudu waliokwisha kufa kwa sumu na mabaki yaliyodondoka ardhini.

Aidha, tunaonya juu ya desturi tatu tunazozisikia mara kwa mara. Ya kwanza ni kumpaka mbwa mafuta ya taa au oili chafu ya gari. Mafuta hayo huunguza ngozi, na mnyama huyameza anapojilamba. Ya pili ni kumnyunyizia paka au mbwa dawa ya unga ya kuhifadhia nafaka. Dawa hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya ngozi ya mnyama, na baadhi ya aina zake zina permethrini. Ya tatu ni kumwogesha mbwa kwa dawa ya josho la ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia. Mbwa ana uzito mdogo, na tena hujilamba. Kipimo cha ng'ombe si chake.

Jambo liitwalo la asili nalo si lazima liwe salama. Pareto, inayolimwa katika nyanda zetu za juu, ni dawa itokanayo na maua, na huvunjika upesi ikipigwa na jua. Hata hivyo ni sumu kwa samaki, na paka huihisi kuliko mbwa. Mafuta ya mti wa chai, yanayosifiwa kuwa tiba ya ngozi, yamekwisha kudhuru paka na mbwa waliopakwa bila kuzimuliwa.

3. Kusoma lebo

Tunamshauri mnunuzi asinunue kamwe dawa iliyopimwa na kutiwa katika chupa ya soda au ya maji. Chupa hiyo haina jina la dawa, haina kipimo wala maelezo ya huduma ya kwanza, na mtoto mwenye kiu hawezi kuitofautisha na kinywaji.

Dawa halali huwa katika chombo chake cha awali kilichofungwa, chenye lebo inayosomeka. Kwenye lebo mnunuzi atafute mambo sita: jina la kiambato amilifu, yaani kemikali yenyewe inayoua wadudu, pamoja na kiasi chake, namba ya usajili, matumizi yaliyoruhusiwa, kipimo cha kuchanganya, tarehe ya mwisho wa matumizi, na muda wa kusubiri kabla ya watu na wanyama kurudi. Hapa Tanzania usajili wa viuatilifu husimamiwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, iliyoundwa kwa Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020. Dawa iliyosajiliwa kwa ajili ya pamba au mahindi haipati ruhusa ya kutumika sebuleni au kwenye banda la mbwa kwa sababu tu ina kemikali ileile.

Chini ya lebo mara nyingi huwapo mstari wa rangi unaoonyesha ukali wa sumu. Nyekundu ni sumu kali sana, njano hufuata, kisha bluu, na kijani ndiyo yenye hatari ndogo zaidi inapotumiwa ipasavyo. Dawa yenye mstari mwekundu haina nafasi katika nyumba ya kuishi. Rangi hizo, hata hivyo, hupima hatari kwa binadamu. Hazisemi lolote juu ya paka au samaki. Kwa hiyo mstari wa kijani hauondoi wajibu wa kusoma jina la kiambato.

4. Kupima eneo na kuchagua bomba

Tuchukue mfano wa ua wenye urefu wa mita 15 na upana wa mita 12, yaani mita za mraba 180. Mwenye nyumba ana mbwa mwenye kupe. Ili kujua kiasi cha maji kinachohitajika, hutia maji matupu katika bomba, hupulizia eneo la mita 4 kwa 5 kwa mwendo wake wa kawaida, kisha hupima maji yaliyopungua. Tuseme ni lita 1 kwa mita za mraba 20. Ua mzima ungehitaji lita 9.

Lakini tumekwisha kuona kwamba kupe huyu hujificha kwenye kingo. Ukanda wa mita 1 unaozunguka ua huo kwa ndani ni mita za mraba 50, nao unahitaji lita 2.5 tu. Ikiwa lebo inaelekeza mililita 20 kwa lita 10 za maji, dawa inayotakiwa ni mililita 5 badala ya 18. Bomba dogo la lita 5 linatosha, wala hapana haja ya lile la mgongoni. Lebo nyingine hutoa kipimo kwa eneo badala ya lita. Hapo kipimo cha eneo ndicho kifuatwe.

Kwa kawaida mnunuzi atakutana na aina tatu. Chupa ya kubonyeza kwa kidole, ya lita 1 au 2, hufaa nyufa na banda la mbwa. Bomba la kujaza upepo kwa mkono, la lita 5 hadi 8, hufaa ua wa kawaida wa mjini. Bomba la mgongoni la lita 16 au 20 hufaa bustani kubwa na shamba. Likijaa lita 16 za maji, uzito wake pamoja na bomba lenyewe hukaribia kilo 20, na huo ni mzigo usiomfaa kila mtu. Mashine za injini zinazotoa ukungu hatuzipendekezi kwa nyumba zilizosongamana, kwa kuwa matone madogo hupeperushwa hadi kwa jirani.

5. Kulikagua bomba dukani

Kabla ya kulipa, mnunuzi aombe bomba litiwe maji matupu na kujaribiwa. Aangalie kama linavuja kwenye kifuniko, kwenye maungio ya mpira na kwenye kishikio. Linalovuja maji leo litavuja sumu kesho mkononi au mgongoni mwake. Ahakikishe kwamba pua yake inaweza kurekebishwa itoe matone makubwa kiasi badala ya ukungu, kwamba lina vali ya kupunguza upepo uliozidi, kwamba tangi lina alama za lita zinazosomeka, na kwamba mipira ya kuzibia na pua za akiba zinapatikana. Rahisi ghali: bomba la bei ya chini lisilo na vipuri hutupwa baada ya msimu mmoja.

Bomba la dawa ya wadudu lisitumike kamwe kwa dawa ya magugu. Mabaki machache ya dawa ya magugu yanaweza kukausha maua na mboga. Kila bomba liandikwe kazi yake kwa rangi isiyofutika.

6. Siku ya kupulizia

Kazi ifanywe jioni, jua likiwa limepungua na nyuki wamerudi mizingani, wakati hakuna upepo mkali wala dalili ya mvua. Wanyama na watoto waondolewe. Vyombo vya chakula na maji vya mbwa, vichezeo na nguo zilizoanikwa viingizwe ndani. Bwawa la samaki lifunikwe. Anayepulizia avae glavu, viatu vya kufunika, mikono mirefu na kinga ya macho, na apime dawa kwa kipimo maalumu kisichorudi jikoni.

Wanyama wasirudi mpaka muda ulioandikwa kwenye lebo upite. Ikiwa lebo haikutaja muda, wasirudi kabla ya dawa kukauka kabisa. Chombo kilichokwisha dawa kisuuzwe mara tatu, maji ya kusuuzia yarudishwe katika bomba, kisha kitobolewe kisije kutumika tena.

7. Mnyama akidhurika

Dalili ni kutokwa na mate mengi, kutapika, kutetemeka, kuyumba, kupumua kwa shida au degedege. Ikiwa dawa iko mwilini na mnyama ana fahamu, aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kuoshea vyombo, kisha akaushwe na kupelekwa mara moja kwa daktari wa mifugo pamoja na chombo cha dawa. Mnyama asilazimishwe kutapika, wala asinyweshwe maziwa au mafuta. Vitu hivyo vyaweza kuingia mapafuni. Mtu akidhurika, apelekwe kituo cha afya, na lebo iende pamoja naye.

Mnunuzi atunze risiti na chombo. Akiuziwa dawa bandia, iliyokwisha muda au yenye maelezo ya uongo, anaweza kupeleka malalamiko kwa Mamlaka tuliyoitaja hapo juu au kwa Tume ya Ushindani. Bila risiti na chombo, malalamiko hayo huwa magumu kuthibitishwa.

Maswali ya kujipima

1. Jirani ana mbwa mmoja na paka wawili. Dukani anaonyeshwa dawa ya kupe ambayo jina la kiambato chake linaishia kwa "thrin". Utamshauri nini, na kwa sababu gani?
2. Kwa nini viroboto huonekana tena wiki chache baada ya kupulizia, hata dawa ikiwa halisi?
3. Ua una urefu wa mita 10 na upana wa mita 8. Ukipulizia ukanda wa mita 1 wa kingo tu, kwa lita 1 kwa kila mita za mraba 20, utahitaji lita ngapi za maji?
4. Taja vyombo vyote vya nyumbani kwako vinavyoweza kutuamisha maji kwa muda wa wiki moja.

Jibu la swali la tatu ni lita 1.6. Aliyepata lita 4 amepima ua mzima. Na arejee sehemu ya kwanza ya somo hili kabla ya kwenda dukani.