Diski ya Seva Inapoharibika
Katika mpangilio wa RAID 5, diski moja ikiharibika taarifa hazipotei, kwa kuwa seva huzikokotoa upya kutokana na diski zilizosalia. Ya pili ikiharibika kabla ya kwanza kubadilishwa, seva haiwezi tena kuzirejesha. Hivyo, mmiliki anashauriwa kunakili kwanza taarifa zake kwenye kifaa kilicho nje ya seva, kwani urejeshaji husoma diski zote kwa saa nyingi, na diski zilizonunuliwa pamoja aghalabu huchakaa pamoja. Fundi alinganishe namba tambulishi ya diski na ile inayooneshwa na programu. Akichomoa nzima kwa makosa, hifadhi yote husimama. Diski mbovu isiachwe kwa fundi: huenda bado ina taarifa za wateja.