Injini Ikizimika Ndege Ikikaribia Kutua

Mwongozo huu ni wa mwanafunzi wa urubani na mwenye leseni binafsi anayerusha Cessna 172 au ndege ya aina hiyo. Kitabu cha ndege yako ndicho chenye neno la mwisho.

1. Shusha pua papo hapo. Kasi huanza kupungua hata kabla hujaamini kilichotokea. Tafuta kasi ya kuteleza iliyoandikwa kitabuni. Kwa Cessna 172 nyingi ni noti 65 hadi 68, yaani kama kilomita 120 kwa saa.

2. Chagua pa kutua. Hapa ndipo rubani hujidanganya, kwa sababu njia ya kurukia anaiona mbele yake waziwazi. Bila injini na bila flapu, 172 huenda takriban futi 9 mbele kwa kila futi 1 inayoshuka. Ukiwa futi 500 juu ya ardhi, utafika kilomita 1.4 hivi. Lakini ukishuka kwa mwinamo wa kawaida wa nyuzi 3, kwenye kimo hicho bado uko karibu kilomita 3 kutoka kiwanjani. Hufiki, na upepo wa mbele huzidi kukupunguzia. Tafuta shamba au uwazi wowote ulio mbele yako, kushoto kidogo au kulia kidogo.

3. Usivute pua ili ujisogeze. Kwenye 172 kuna filimbi ya onyo ukingoni mwa bawa la kushoto. Ikianza kulia, mabawa yanakaribia kuacha kubeba ndege. Kugonga ua ndege ikiwa sawasawa kuna nafuu kuliko kuanguka kwa bawa moja.

4. Flapu ziache zilivyo, isipokuwa kimo kipo. Mwaka 2008 Boeing 777 ya British Airways ilipoishiwa nguvu karibu na Heathrow, nahodha Peter Burkill alipunguza flapu kidogo na ndege ikavuka antena, ikaanguka ndani ya uzio, wote walinusurika. Wewe, ukizikunja zote kwa ghafla chini ya futi 300, utazama kama jiwe.

5. Kama una sekunde za ziada, jaribu kuwasha injini: joto la kabureta, koki ya mafuta, mchanganyiko, magneto. Usilidharau joto la kabureta eti uko Mombasa au Zanzibar. Hewa yenye unyevu hugandisha barafu ndani ya kabureta hata siku ya nyuzi 30, hasa injini ikiwa imepunguzwa kwa ajili ya kutua.

6. Sema "Mayday" mara tatu kwenye masafa uliyo nayo tayari. Usihangaike kubadilisha, mnara hauwezi kukushikia usukani.

7. Karibu na ardhi, kaza mikanda, achia komeo za milango, kata mchanganyiko, funga koki, zima magneto. Swichi kuu iwe ya mwisho, maana flapu hutumia umeme. Gusa ardhi polepole kadiri inavyowezekana, mabawa yakiwa sawa. Kwenye viwanja vya juu kama Wilson, Nairobi, kasi ileile inayosomeka kwenye kipimo hukupitisha juu ya ardhi haraka zaidi, basi usishtuke.

Safari ijayo, mwombe mwalimu wako apunguze injini hadi mwisho mkiwa kwenye mzunguko wa kiwanja, bila kukuonya.