Tovuti ya kahawa yako ianze na ukurasa mmoja

Mdogo wangu wa Mbebe unayeuza kahawa ya Ileje, usimlipe fundi wa tovuti kwanza. Wanunuzi wako wa Tunduma, na wale wa Nakonde ng'ambo ya mpaka, wanataka kujua unauza nini, bei gani na wakupateje. Hayo yanaenea kwenye ukurasa mmoja, nao utautengeneza mwenyewe ndani ya kivinjari, bila kupakua programu yoyote. Tovuti ya kwanza duniani, ya Tim Berners-Lee kule CERN mwaka 1991, ilikuwa ya kurasa za namna hiyo: faili limeandikwa, seva inalituma kama lilivyo. Ukiwa mwepisi, ukurasa hufunguka hata mtandao ukisuasua.

Mimi nakushauri GitHub Pages, huduma ya kuweka kurasa mtandaoni, maana ni bure. Fungua akaunti, tengeneza repozitori ya wazi, yaani ghala la mafaili yako, uipe jina la akaunti yako likifuatiwa na .github.io, kisha ongeza faili liitwalo index.html, herufi ndogo tupu. Andika humo humo, hifadhi, subiri dakika chache. Simu inatosha, ila ukiweza kuazima kompyuta, azima. Alama za HTML, lugha ya kuandikia kurasa za wavuti, zinachosha macho kwenye kioo kidogo.

Ukurasa huu haupokei oda wenyewe. Weka kiungo cha WhatsApp: wa.me/ halafu namba yako ikianza na 255, bila sifuri ya mwanzo wala alama ya kujumlisha. Picha zipunguze uzito kwanza kwa zana iitwayo Squoosh, nayo hufanya kazi ndani ya kivinjari. Picha nzito inamlia mteja bando, na hatangoja.

Hapa nisikilize vizuri, mdogo wangu. Repozitori ya wazi inasomwa na yeyote, na ukifuta kitu leo, toleo la jana bado limo kwenye kumbukumbu zake. Kwa hiyo majina na namba za wakulima wanaokuletea kahawa zisiingie humo kabisa, wala nywila yoyote. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata isingekuwepo, mama aliyekupa namba yake umpigie wakati wa mavuno hakukupa uitangaze. Weka namba yako ya biashara peke yake. Na bei ikibadilika, rekebisha siku hiyo hiyo, uandike na tarehe pale chini ili mnunuzi ajue anasoma bei ya lini.