Wati za Kwenye Boksi na Wati za Kweli

Anayejijengea kompyuta ya gemu kwa mara ya kwanza huanza na kadi ya grafiki, kwa sababu ndiyo inayotamanisha. Inafuata prosesa, kisha kesi yenye kioo na feni za taa. Pawasaplai hununuliwa mwisho, kwa chenji iliyobaki. Ni sawa na bwana harusi aliyeshona suti ya ghali akamalizia na kandambili, isipokuwa kandambili ikikatika haiichomi suti. Pawasaplai mbovu ikifa inaweza kuondoka na mazabodi na kadi kwa mpigo mmoja.

Kazi yake ni kuupokea umeme wa ukutani, volti 230 kwa Tanzania au 240 kwa Kenya, na kuugeuza kuwa umeme mdogo wa moja kwa moja: volti 12, volti 5 na volti 3.3. Prosesa na kadi ya grafiki za siku hizi hula karibu umeme wao wote kwenye volti 12. Kwa hiyo iache namba kubwa ya kwenye boksi. Geuza pawasaplai yenyewe, tafuta kibandiko chenye jedwali, tazama safu ya volti 12 ina ampea ngapi, kisha zidisha kwa 12. Ukikuta ampea 18, hapo una wati 216 tu, hata kama boksi linajitangaza kuwa na 500. Pawasaplai ya kweli ya wati 550 huwa na ampea kama 45 kwenye safu hiyo. Na kama kibandiko hakina jedwali kabisa, mrudishie muuzaji boksi lake.

Unahitaji wati ngapi? Pungufu ya unavyoambiwa dukani. Chukua mashine ya kawaida: prosesa ya Ryzen 5 5600, ambayo kwa mipangilio ya kiwandani haipiti wati 88 hivi, na kadi ya RTX 4060 yenye wati 115. Mazabodi, RAM, SSD na feni uvipe wati 60. Jumla haifiki 270. Pawasaplai nzuri ya 550 inaibeba mashine hiyo bila kutoa jasho, na inakuachia nafasi ya kuongeza kadi kubwa kidogo baadaye. Mambo hubadilika kwa kadi kama RTX 3080: wati zake 320 ni za wastani, lakini kwa sehemu ndogo sana ya sekunde huruka juu zaidi ya hapo, na pawasaplai iliyopimwa kwa kubana huzima. NVIDIA wenyewe huipendekezea wati 750. Toleo la ATX 3.0 la kiwango cha pawasaplai, lililotoka mwaka 2022, liliwekwa kwa sababu ya mirukio ya namna hiyo.

Alama ya 80 PLUS inaaminiwa kupita uwezo wake. Inapima kitu kimoja tu: umeme kiasi gani unapotea njiani kwa joto. Bronze, ikibeba nusu ya mzigo wake, hufikisha takriban asilimia 85, na Gold kama 90. Tofauti hiyo utaiona kidogo kwenye LUKU na kidogo kwenye joto la chumba. Haikuambii kama kinga za ndani zinafanya kazi. Mwaka 2021 Gigabyte walilazimika kuweka utaratibu wa kurudisha baadhi ya pawasaplai zao za P750GM na P850GM, zenye alama ya Gold, baada ya majaribio ya watu wa nje kuonyesha zinalipuka zikizidishiwa mzigo. Kwa hiyo soma orodha ya kinga: dhidi ya volti kuzidi, mzigo kuzidi, joto, na waya kugusana. Halafu itafute modeli hiyo kwa jina lake kamili kwenye majaribio ya watu walioifungua na kuipima. Jina la kampuni peke yake halitoshi.

Kwa huku kwetu yapo mengine. Pawasaplai za bei ya chini na za zamani huwa na swichi ndogo nyekundu nyuma, 115 au 230. Mashine iliyotoka Marekani ikiwa bado kwenye 115, ukiichomeka ukutani utasikia mlio mmoja na harufu. Zinazoandikwa 100–240 hujirekebisha zenyewe. Pini ya tatu ya plagi, ile ya arthi, isikatwe wala isikwepwe kwa adapta ya pini mbili. Umeme ukikatika na kurudi, subiri dakika chache ndipo uwashe.

UPS nayo ina hila zake. Ya VA 650 mara nyingi haizidi wati 400, na baadhi zikihamia betri hutoa wimbi la umeme lenye ngazi badala ya wimbi laini; zipo pawasaplai zisizopatana nalo, zikazima palepale. Ijaribu mapema: washa gemu, chomoa UPS ukutani, uone kama mashine inabaki hai.

Wengi huanzia kwenye kompyuta ya ofisini ya mtumba, na kwa bajeti ndogo si wazo baya. Ila Dell OptiPlex 9020 na HP EliteDesk 800 G1 hazitumii plagi ya kawaida ya pini 24, kwa hiyo pawasaplai ya dukani haiingii bila waya wa kubadilishia. Ukitaka kuikwepa kazi hiyo, tafuta kadi inayokula kwenye sloti ya mazabodi peke yake, ambayo hutoa mwisho wati 75: GTX 1650 isiyo na soketi ya umeme, au RTX 3050 ya GB 6. Pima kwanza urefu na kimo cha kesi.

Kadi ya mtumba naweza kuinunua nikiiona ikicheza gemu mbele yangu. Pawasaplai ya mtumba, hapana. Kapasita huchakaa kwa joto na miaka, na uchakavu huo hauonekani kwa nje. Tena usichukue waya za pawasaplai moja ukazichomeka kwenye nyingine, hata za kampuni moja: upande wa pawasaplai mpangilio wa pini haufanani, na SSD inaweza kuungua mara tu unapowasha.

Kwenye mengine usihangaike sana. RAM nunua vipande viwili vinavyofanana badala ya kimoja kikubwa, na uhakikishe mazabodi inakubali prosesa yako.

Kabla ya kufunga kesi, unganisha vitu juu ya boksi la mazabodi uone kama picha inakuja. Kisha cheza gemu zito kwa saa nzima ukiwa karibu. Mashine ikijizima ghafla wakati mchezo umepamba moto, na joto la prosesa na kadi ni la kawaida, mshukiwa wa kwanza ni pawasaplai. Irudishe dukani na risiti, usiifungue: kapasita za ndani zinaweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomoa plagi.