SHIMO LINA MWENYEWE
Somo juu ya kuchimba kando ya barabara



Mvua za mwezi wa kumi zikifika, sote tunajua maana yake. Barabara ya Kasongo kwenda Kabambare inageuka potopoto, kamyo zinalala njiani, na wenye kusukuma baiskeli za mafuta ya mawese wanatafuta njia porini. Kisha tunaitwa salongo kuzibua mifereji. Mbele ya kushika jembe tena, nimeomba nafasi katika karatasi hii. Si kwamba mimi ni fundi. Ni juu ya kosa langu.

JAMBO LILILOTOKEA

Ile siku ya posho tulikuwa tunachimba mfereji kando ya barabara, mahali maji yalipokwisha kukata bonde. Shimo lilifika kifuani mwangu. Udongo tulioutoa tuliurundika ukingoni kabisa, maana kuutupa mbali kunachosha. Mimi ndiye kapita, nikasimama juu nikihimiza watu, kwani nilitaka tumalize mbele ya siku ya Mungu. Nikaona ufa mdogo juu ya udongo, mwembamba sawa uzi, unafuata ukingo. Nikaunyamazia.

Kamyo moja ikapita polepole. Ardhi ikatetemeka, na ukingo ukaanguka wote mara moja. Ndugu yetu wa mwaka wa nne alifunikwa mpaka mapajani. Tulimvuta mikono, akalia sana, hakutoka. Mzee mmoja mpita njia akatukataza kuvuta. Alitufukuza tuliosimama ukingoni, akaamuru udongo wa juu usogezwe, kisha watu wawili tu wakamfukua polepole kwa mikono. Ilichukua karibu saa nzima. Leo anatembea vizuri, tunamshukuru Mungu. Lakini dakika ile ile mbele ya kuanguka, alikuwa ameinama akiokota jiwe. Angekuwa bado ameinama, tungemzika.

JUU YA NINI UDONGO UNAANGUKA?

Ardhi isiyochimbwa inajishikilia yenyewe, upande huu unaegemea upande ule. Ukiondoa katikati, kuta zimekosa cha kuegemea. Ongeza vitu vitatu: maji ya mvua yanayolainisha na kuzidisha uzito, rundo la udongo linalokandamiza ukingo, na mtetemo wa kamyo. Ukuta ulioonekana mgumu asubuhi unaweza kuanguka mchana.

Sasa tufanye hesabu. Sanduku la udongo lenye meta 1 kila upande lina uzito wa kilo 1500 au zaidi, maana yake mifuko 30 ya simenti ya kilo 50. Mtu aliyefunikwa mpaka kifuani, hata kichwa kikiwa nje, anaweza kufa, kwa sababu kifua hakina nafasi ya kupanuka avute pumzi. Ndugu zetu wanaochimba dhahabu upande wa Kabambare wanalijua jambo hili kuliko sisi.

KANUNI ZA KUSHIKA

1. Udongo uliotolewa uwekwe mbali na ukingo, si chini ya sentimeta 60. Jembe na sururu vilevile.

2. Shimo likipita meta 1 na sentimeta 20, liwe na ngazi karibu, hata ya miti. Kutoka kwa kuparamia ukuta ni kuuangusha.

3. Likifika meta 1 na nusu, mtu asiingie kama kuta zimesimama wima. Zilazwe, au zikatwe ngazi-ngazi. Udongo laini unataka kulazwa sana: kwa kila meta 1 ya kwenda chini, meta 1 na nusu ya kwenda pembeni. Pasipo nafasi, kuta zishikwe kwa mbao na miti iliyokazwa kutoka upande huu mpaka ule. Na shimo fupi pia linaangusha: letu halikufika meta 1 na nusu.

4. Kila asubuhi, na kila mvua ikipita, mkubwa wa kazi akague mbele ya mtu kushuka. Akiona ufa, au maji yanachuruzika, watu watoke kwanza, maneno baadaye.

5. Asichimbe mtu peke yake. Na wenye kuchimba waachane nafasi, jembe la mmoja lisifike kichwa cha mwingine.

6. Barabara ilindwe. Madereva wetu wanajua kwamba matawi njiani ni onyo. Basi tuyaweke mbali, pande zote mbili, na mtu asimame na kitambaa chekundu. Pikipiki ya kilomita 60 kwa saa inakwenda meta 16 na zaidi kwa sekunde moja. Mbele ya dereva kugusa breki, amekwisha kula meta hizo. Kwenye kona au mteremko, weka mbali zaidi.

7. Jioni shimo lisiachwe wazi. Lizungushiwe miti na matawi, na taa iwekwe.

8. Likianguka juu ya mtu, msirukie wote ndani. Ukuta wa pili ndio unaoua waokoaji. Msimvute kwa kamba. Fukueni kichwa na kifua kwanza, kwa mikono.

NI KAZI YA NANI?

Wengine watasema barabara ni ya Office des Routes, iliyoundwa mwaka 1971, basi watafute wenyewe. Tena Sheria ya Kazi ya nchi yetu, ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002, inamwagiza mwenye kuajiri alinde usalama wa wafanyakazi. Ni kweli. Lakini salongo haina mkataba wala mshahara. Je, mtu wa salongo hana mwili?

Someni Kutoka 21:33-34. Mtu akifungua shimo asilifunike, na ng'ombe au punda akatumbukia, mwenye shimo atalipa. Musa haulizi kama alikuwa na haraka, wala kama alichimba kwa nia njema. Shimo lina mwenyewe. Ikiwa punda alilindwa hivyo, mwana wa mtu je? Ile siku mwenye shimo nilikuwa mimi, kwa kuwa niliona ufa nikanyamaza.

MASWALI YA KUJIBU DARASANI

1. Mfereji una urefu wa meta 10, upana meta 1, kina meta 1. Udongo uliotolewa una uzito gani?
2. Kwa nini tusimvute kwa nguvu mtu aliyefunikwa?
3. Mdogo akiona ufa, na kapita anahimiza kazi, afanye nini?

Swali la tatu nalijibu mwenyewe: apige kelele, atoke. Kapita akimkasirikia, aje kwangu. Nimekwisha kujifunza.

Ndimi kapita wenu, mwaka wa sita.