Maji Yasimamayo Ndani ya Tuta la Mboga



Huku Daudi, katika nchi ya juu ya Mbulu, watu wengi huinua matuta ili mboga zao zisioze wakati wa mvua. Hata hivyo twaona mara kwa mara tuta lililoinuliwa vizuri, na vitunguu saumu vyake vina majani ya manjano. Ving'olewapo, mizizi ni myeusi nayo yanuka. Mwenye bustani hudhani udongo umechoka, akaongeza samadi juu. Kazi yake ni bure, na mavuno aliyoyatazamia kwa karo ya watoto hupotea.

Sababu yake ni hii. Mizizi yahitaji hewa kama sisi. Kati ya chembe za udongo mna nafasi ndogo zenye hewa; maji yakizijaza siku nyingi, mizizi hukosa pumzi, hufa, kisha huoza. Na mara nyingi chini ya tuta upo udongo mgumu, uliokanyagwa na ng'ombe, au uliopigwa jembe kwa kina kilekile mwaka hata mwaka. Tuta lililowekwa juu yake ni kama chungu kisicho na tundu.

Mpate kuhakikisha, chimbeni shimo la sentimita 30 kando ya tuta. Lijazeni maji, yaishe, mkalijaze mara ya pili. Yakishuka pungufu ya sentimita 2 na nusu kwa saa moja, ardhi ile haipitishi maji vema.

Ndipo mfanye hivi. Kwanza, chimbeni mfereji kando ya tuta, ulio chini kuliko ule udongo mgumu, ushuke kama sentimita 1 kwa kila mita 1. Kazi hii yafaa hata mboga zingali shambani. Pili, baada ya mavuno, udongo ukiisha kukauka kiasi, ondoeni tuta, vunjeni sakafu ile kwa sururu, mkarudishe udongo pamoja na samadi iliyooza. Tatu, msitandike mawe chini ya tuta: maji hayaingii katika mawe mpaka udongo wa juu umejaa kwanza. Wala msitie mchanga kidogo katika udongo wa mfinyanzi, maana huwa mgumu kama tofali.

Lakini mfereji waishia wapi? Hapa ndipo ugomvi wa majirani huanza. Nchi hii ni ya miteremko, na maji yaliyokusanywa pamoja huchimba korongo upesi. Yaelekezeni penye nyasi nyingi, yatawanyike polepole. Ikiwa hapana njia ila shambani mwa jirani, semeni naye kabla ya kushika jembe. Wairaqw wa Kainam wamejulikana tangu kale kwa kutia samadi mashambani na kuyalinda yasichukuliwe na maji. Basi elimu hii haikutoka mbali.

Mvua za Mbulu huanza yapata Novemba. Yatazameni matuta yenu kabla ya hapo, maana mfereji uchimbwao katika tope huzibika upesi.