Msema Pweke Hakosi: Taswira ya Ushindi katika Sarafu za Dhahabu za Kirumi

Makala haya yanachunguza taswira ya ushindi katika sarafu za dhahabu za Dola ya Kirumi. Huenda msomaji akauliza: sarafu na fasihi, wapi na wapi? Tunalotetea hapa ni kuwa sarafu nayo ni matini. Ina mtunzi, hadhira, maandishi na picha. Na kama shairi fupi, husema mengi kwa machache.

Sarafu yenyewe iliitwa aureus. Enzi ya Augustus (27 K.K. – 14 B.K.) ilikuwa na uzito wa gramu 8 hivi, na thamani yake ilikuwa dinari 25 za fedha. Upande mmoja ulibeba kichwa cha mtawala. Upande wa pili ulibeba kauli yake. Misri ilitekwa mwaka wa 30 K.K. Mwaka wa 27 K.K. ilitolewa aureus yenye picha ya mamba na maneno ya Kilatini yenye maana kuwa Misri imetekwa. Nchi nzima imefinywa ikawa mnyama mmoja. Wanafasihi huiita mbinu hii taashira.

Katika sarafu za Vespasian (69 – 79 B.K.), Uyahudi ni mwanamke aliyeketi chini kwa majonzi, kando ya nyara za vita. Hana jina lake mwenyewe wala kauli. Kinyume chake ni Victoria, mungu wa kike wa ushindi, ambaye katika sarafu nyingi ana mabawa na hushika taji la majani. Mshindi huruka, mshinde hukaa mavumbini.

Je, matini haya yaaminiwe? Mwaka wa 260 B.K., Kaisari Valerian alitekwa na Shapur wa Kwanza, mfalme wa Uajemi. Hata hivyo, sarafu za mwanawe Gallienus ziliendelea kuandikwa VICTORIA AVG, 'ushindi wa Kaisari'. Shapur naye alichonga jibu lake mwambani huko Naqsh-e Rostam, ambako mtawala wa Kirumi anaonekana amepiga magoti.

Wahenga walinena kuwa msema pweke hakosi. Mapokeo yetu ya malumbano yanatufunza kwamba ubeti wa kwanza haujakamilika hadi ujibiwe. Basi, tusomapo matini ya mshindi, tuulize: mwanamke yule aliyeketi chini angejibu nini?